Tripsini na Utenganishaji wa Seli za Kiinitete, 1916–1954
Historia ya ukuzaji wa seli nje ya mwili kwa kawaida huanzia mwaka 1907, Ross Harrison alipoweka kipande cha kiinitete cha chura ndani ya tone la limfu na kuona nyuzi za neva zikirefuka. Hata hivyo, kilichokuzwa wakati huo kilikuwa kipande cha tishu. Seli za pembezoni zilistawi, za katikati zilikosa lishe na hewa, na idadi yake haikuweza kujulikana.

Jibu la tatizo hilo lilipatikana mapema. Mwaka 1916, katika Taasisi ya Rockefeller jijini New York, Peyton Rous na F. S. Jones walitumia tripsini, kimeng'enya cha kongosho kinachovunja protini, kuyeyusha utegili ulioganda ulioshikilia seli zilizokuwa zikikua. Seli zilitoka mojamoja, zikaoshwa, zikapandwa upya na kuendelea kuishi. Ilibainika kuwa tripsini yaweza kuzifungua seli bila kuziua, mradi kiasi na muda vidhibitiwe.

Licha ya hayo, mbinu hiyo haikuenea kwa zaidi ya miaka 30. Wengi walifuata njia ya Alexis Carrel, aliyeanza mwaka 1912 kukuza vipande vya moyo wa kiinitete cha kuku. Maswali yao yalihusu ukuaji wa tishu, na kwa maswali hayo kipande kilitosha.

Hali ilibadilika mwaka 1949, John Enders, Thomas Weller na Frederick Robbins walipokuza virusi vya polio katika tishu za viinitete vya binadamu jijini Boston. Sasa ilibidi virusi vihesabiwe, na hesabu hiyo ilihitaji seli zilizotandazwa kwa usawa. Mwaka 1952, huko California, Renato Dulbecco alitenganisha seli za kiinitete cha kuku kwa tripsini, akazikuza katika tabaka moja, na kuonesha kuwa chembe moja ya virusi yatosha kuacha doa la seli zilizokufa. Mwaka huohuo, Aron Moscona alionesha kuwa seli za kiinitete zilizotenganishwa hivyo huweza kukusanyika tena. Mwaka 1954, Julius Youngner aliitumia mbinu hiyo kwa figo za kima jijini Pittsburgh, katika maabara ya Jonas Salk, ambaye chanjo yake ya polio iliidhinishwa mwaka 1955.

Kimeng'enya kilichotumika kilikuwa kilekile cha mwaka 1916; kilichobadilika ni hitaji. Kwa hiyo, kuianza historia ya mbinu hii mwaka 1952 ni kuchukulia kuenea kwake kuwa ndiko kuzaliwa kwake.