Jina la Nne

Mtoto wa Kalinzi, mkoani Kigoma, akiandikishwa darasa la kwanza, mwalimu humwandika kwa majina matatu: lake, la baba yake na la babu mzaa baba. Akikua, na yeye akapata mwana, orodha inasogea. Mwana anaingia mbele, na babu aliyekuwa wa tatu hana pa kukaa tena. Ndivyo tunavyowapoteza wakubwa wetu kwenye karatasi, bila msiba wala matanga.

Kwingine si hivyo. Mkulima wa Vermont, huko Marekani, anarithi jina moja la ukoo, na serikali yake imehesabu watu kila baada ya miaka 10 tangu 1790. Kuanzia 1850 sensa ikamwandika kila mtu huru wa kaya kwa jina lake. Akimtafuta babu wa babu yake, anampata na umri wake na kazi yake. Wajukuu wa watumwa wa nchi hiyohiyo hawana bahati hiyo, maana mwaka ule wazee wao walihesabiwa kwa umri, jinsia na rangi tu, jina likaandikwa la bwana. Kwetu Tanganyika, sensa ya kwanza iliyofanywa kitaalamu ni ya 1948. Aliyeishi na kufa kabla yake hutafutwa kwa njia nyingine.

Kuna njia ya majina yenyewe. Kwetu Waha, Nyandwi ni mtoto wa saba, Minani wa nane, Nyabenda wa tisa. Ukoo ukimtaja Minani mmoja wa zamani, umeshakupa watu saba wengine waliotoka nyumba ile kabla yake, hata kama walizikwa wachanga na hakuna aliyewahi kuwasimulia. Ukimkuta Butoyi, ulizia Bukuru, pacha wake aliyemtangulia. Wazee walioita hivi walitunza hesabu ya uzazi bila kalamu, na inaniuma kuona vijana wanaona haya kuyatumia majina hayo.

Njia nyingine ni matukio. Hesabu vizazi sita hivi kurudi nyuma kutoka kwa mtoto wa leo, utafika enzi ya mfanyabiashara Mwinyi Kheri wa Ujiji, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Milima ya Kalinzi ilikuwa na mwami wake, yaani mfalme, na Nkalinzi ikihesabiwa miongoni mwa falme za Waha. Msafiri Mwingereza Burton alipofika Ujiji Februari 1858, mkuu wa kitongoji cha Kawele alikuwa Kannena, naye alikuwa chini ya mwami aliyeitwa Rusimba. Mwami ameingia vitabuni. Aliyemlimia hakuingia.

Kizazi kilichofuata kiliwaona Wajerumani wakijenga boma Ujiji mwishoni mwa karne ile, reli ikafika Kigoma 1914, na miaka miwili baadaye wakaja Wabelgiji, waliokaa hadi 1921. Mzee akisema alizaliwa wakati wa Wabelgiji, amekwishakutajia miaka mitano, na hapo cheti hakina la kuongeza.

Chini ya Waingereza ukoo ulipata tawi jipya, tawi la mkonge. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na Buha, nchi ya Waha, hakukuwa na kazi ya mshahara ya kutosha, kwa hiyo vijana walipanda gari moshi hadi Morogoro, na wengine wakaendelea hadi Tanga. Shambani mtu alipewa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30. Kila akimaliza kazi aliyopimiwa, siku moja ilitiwa alama. Asipomaliza, siku hiyo haikuhesabiwa. Kadi ikijaa ndipo alipolipwa. Wapo waliorudi na baiskeli na nguo. Wengine walioa hukohuko, na wajukuu wao leo wanaitwa Waha huko Korogwe na Muheza bila kujua ni Waha wa kilima gani. Mtu anayeandika nasaba ya nyumba yoyote ya Kigoma na akaacha kuuliza habari za mkonge, ameandika nusu.

Uchifu ulifutwa 1963. Miaka tisa baadaye ikaja Operesheni Kigoma, na kaya za mkoa huu zikahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Kilichoachwa nyuma ni mahame: migomba iliyojiotea, mawe ya jikoni, makaburi ya watu, na waliokuwa wakionyesha mahali pao sasa wanakaa mbali. Mwaka huohuo, 1972, bondeni katika hifadhi ya Gombe alikufa sokwe jike aliyeitwa Flo, na gazeti la Sunday Times la London likachapisha tanzia yake. Nasaba yake inajulikana: Flo alimzaa Fifi, Fifi akawazaa Freud, Frodo, Ferdinand na wengine, na wawili kati yao, Frodo na Ferdinand, walipata kutawala kundi lao kama Freud kaka yao. Silitaji kwa kinyongo. Wengi wa walioziandika kumbukumbu za sokwe hao siku hadi siku, kwa Kiswahili, ni watafiti wenyeji wa pwani hii ya Ziwa Tanganyika. Kazi ya subira namna ile imefanywa na mikono yetu, na bado hatujaifanya kwa ajili ya bibi zetu.

Siku hizi ukoo wa Kalinzi husomwa kwenye mibuni. Kahawa ya hapa ni arabika, huuzwa kupitia vyama vya msingi vilivyoungana katika ushirika wa Kanyovu, na miaka ya 2000 kampuni ya Green Mountain ya Vermont ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wake. Mbuni unaweza kuishi muda mrefu kuliko aliyeupanda. Shamba hugawanywa kwa wana, kisha kwa wana wa wana, na mpaka hutambuliwa kwa mstari wa miti na jina la aliyeipanda.

Sasa familia zinaomba hati za hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Mgogoro ukizuka hupelekwa kwanza kwenye baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Hapo mzee huulizwa nani alimzaa nani. Zamani angetaja wanaume watupu, baba kwa baba. Lakini sheria hiyo inampa mwanamke haki sawa ya ardhi, kwa hiyo inabidi ataje pia shangazi waliolewa wapi, walizaa nani, na yupi kati yao alirudi nyumbani akapanda mibuni iliyo upande wa juu.