Kamati ya Jumatatu na maandishi ya Waquaker wa kwanza

Julai 1656 meli kutoka Barbados ilitia nanga Boston, katika koloni la Waingereza huko Amerika. Ndani yake walikuwamo wanawake wawili, Mary Fisher na Ann Austin. Masanduku yao yalipekuliwa, vikatolewa vitabu vipatavyo 100, na wakuu wa koloni wakamwamuru mnyongaji wa serikali avichome moto sokoni mbele ya watu. Wanawake wenyewe waliwekwa gerezani, na dirisha la chumba chao likazibwa kwa mbao wasije wakasema na mpita njia. Baada ya wiki kama 5 walipandishwa melini na kufukuzwa. Hawakuwa wameiba wala kumdhuru mtu. Kilichowatia viongozi hofu kilikuwa imani yao, na karatasi walizobeba.

Karatasi hizo ziliandikwa na kundi ambalo hata miaka 10 halijatimiza. Wenyewe walijiita Marafiki. Wapinzani wao wakawaita Waquaker. Vuguvugu lao lilishika kasi kaskazini mwa Uingereza mwaka 1652, pale George Fox, mtoto wa mfumaji aliyejifunza kazi ya ushonaji viatu, alipopanda mlima wa Pendle Hill na baadaye kuhubiria umati huko Firbank Fell. Fox alifundisha kwamba nuru ya Kristo imo ndani ya kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, msomi kwa asiyesoma. Kwa hiyo hakuna haja ya kasisi aliyefundwa chuoni wala ya sala zilizokwisha kuandikwa. Marafiki walikutana wakakaa kimya, wakingoja Roho awape neno. Ungedhani watu wa imani hiyo wangeipa kisogo kalamu. Wao waliikimbilia: kufikia mwisho wa 1656 walikuwa wamechapisha vitabu na vijitabu karibu 300.

Habari hii inatuhusu hata sisi wa Afrika Mashariki. Kenya ndiyo nchi yenye Waquaker wengi kuliko zote duniani, na mbegu ya kanisa hilo ilipandwa Kaimosi mwaka 1902 na Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole. Kabla yao, mwaka 1897, Marafiki wa Uingereza walikwisha kufika Pemba kufanya kazi na watu waliotoka utumwani. Jina la Fox linajulikana Vihiga na Kakamega. Naona ni haki pia yajulikane majina ya watu walioyatoa maneno yake mdomoni mwake wakayafikisha kwenye chapa, na ya wale waliokaa na kalamu nyekundu wakaamua yapi yasifike.

Wa kwanza ni Margaret Fell, mke wa jaji, mwenye nyumba ya Swarthmoor karibu na mji wa Ulverston. Alimkaribisha Fox mwaka huo wa 1652, na tangu hapo nyumba yake ikawa ofisi ya vuguvugu zima. Wahubiri walioko njiani na walioko gerezani walimwandikia yeye. Barua zilinakiliwa hapo, michango ikakusanywa, na miswada ikatumwa London. Huko ilipokelewa na Giles Calvert, muuza vitabu mwenye duka karibu na kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, mtu aliyekwisha kuuza maandishi ya wanamapinduzi wa kila namna. Wakati wenyewe uliwafaa: tangu 1641, mfalme na bunge walipoingia katika ugomvi uliozaa vita, udhibiti wa uchapishaji ulikuwa umevunjika. Kijitabu cha kurasa 8 kilitengenezwa kwa tabaka moja la karatasi lililokunjwa. Kilikuwa rahisi bei, na mhubiri aliweza kubeba lundo zima mkobani. Hata waandishi walikuwa wa aina mpya. Mary Fisher yule wa Boston alikuwa mtumishi wa nyumbani.

Uhuru huo ulikuwa na gharama. Oktoba 1656 James Nayler, mwandishi hodari pengine kumpita Fox mwenyewe, aliingia Bristol juu ya farasi huku wafuasi wakimwimbia, kama Yesu alivyoingia Yerusalemu. Miongoni mwao alikuwa Martha Simmonds, dada yake Calvert, naye pia mwandishi. Bunge lilimhukumu Nayler kwa kukufuru: alichapwa viboko, akatobolewa ulimi kwa chuma cha moto na kutiwa alama ya chuma cha moto kwenye paji la uso. Marafiki wote walilipia fedheha hiyo, na naamini hofu iliyozaliwa siku zile haikuwatoka tena.

Mwaka 1660 ufalme ulirudi, na mwaka 1662 zikaja sheria mbili: moja ya kuwabana Waquaker, nyingine ya kuwabana wapiga chapa. Kitabu kisicho na kibali kikawa kosa, na Roger L'Estrange akapewa madaraka ya kusaka mitambo ya siri. Marafiki hawakuacha. Margaret Fell, akiwa amefungwa Lancaster, alitoa mwaka 1666 kijitabu cha kutetea wanawake kuhubiri. Alichambua nyaraka za Paulo aya kwa aya, akakumbusha kwamba habari ya ufufuko ilitangazwa kwanza na wanawake. William Penn aliwekwa kwenye Mnara wa London mwishoni mwa 1668 kwa sababu ya kitabu, naye humo humo akaandika kingine. Katharine Evans na Sarah Chevers walishikwa Malta na mahakama ya kidini ya Wakatoliki kwa zaidi ya miaka 3. Maandishi yao yalitolewa nje na kuchapishwa London mwaka 1662 wangali kifungoni. Edward Burrough alifia katika gereza la Newgate, na Francis Howgill katika gereza la Appleby.

Ndipo mwaka 1673 Marafiki wa London walipounda kikao cha wanaume wahubiri kilichokutana kila Jumatatu asubuhi. Kazi yake ilikuwa kusoma kila mswada kabla haujapelekwa kwa mpiga chapa. Mwaka huo huo kiliamua zitafutwe nakala 2 za kila kitabu kilichoandikwa na Rafiki, na nakala 1 ya kila kitabu kilichoandikwa dhidi yao. Uamuzi huo ndio mwanzo wa maktaba iliyoko leo katika jumba la Friends House, London. Nauheshimu sana. Watu waliokuwa wakiporwa mali na kutupwa korokoroni walipata moyo wa kutunza hata matusi ya maadui zao, ili wayajibu kwa ukweli.

Lakini kikao hicho hicho kilikuwa mkasi. Kiliyarudisha maandishi yaliyoonekana makali mno, ya unabii uliopita kiasi, au yenye kuweza kuwapa adui silaha. Hata Fox hakusalimika. Karatasi yake moja ilipozuiwa, aliandika kwa hasira kwamba hakukianzisha kikao hicho ili kimkataze kusomwa. Hebu fikiri: yule aliyesema Roho hunena na kila mtu bila mpatanishi, sasa maneno yake yanangoja kura ya kamati.

Mkasi huo ulifanya kazi kubwa zaidi baada ya kifo chake, Januari 1691. Fox alikuwa amemsimulia maisha yake Thomas Lower, mkwe wa Margaret Fell, hasa mwaka 1675 huko Swarthmoor. Mswada ulikabidhiwa Thomas Ellwood, aliyewahi kumsomea vitabu mshairi John Milton baada ya Milton kupofuka, na kitabu kikatoka 1694 kikiwa na dibaji ya William Penn. Ellwood alikuwa mhariri stadi. Alinyoosha sentensi, akapanga miaka. Alipunguza pia habari za miujiza, na barua ya Fox kwa Oliver Cromwell, aliyetawala Uingereza kabla ya ufalme kurudi, ikapoteza maneno ambamo Fox alijiita mwana wa Mungu. Kivuli cha Nayler kilikuwa bado mezani. Simlaumu Ellwood kwa kuogopa. Ninachosikitikia ni kwamba kwa zaidi ya miaka 200 msomaji alikutana na Fox mtulivu kuliko yule aliyetembea mashambani.

Kati ya watu wote hawa, ningependa zaidi kusimulia habari za Tace Sowle. Baba yake, Andrew Sowle, alikuwa mpiga chapa Mquaker ambaye mitambo yake ilivunjwa na wasakaji mara kwa mara. Mwaka 1691, akiwa na miaka 25 hivi, Tace alishika kazi ya baba yake, na sheria ya 1662 ilipokoma mwaka 1695 akaweza kuchapa bila kujificha. Muuza vitabu John Dunton, ambaye hakuwa Mquaker, aliandika mwaka 1705 kwamba binti huyo mwenyewe alijua kupanga herufi, na alijua vizuri. Alipoolewa mwaka 1706 jina la mama yake, Jane, likawekwa kwenye vitabu, lakini aliyesimamia kazi ni Tace. Mwaka 1710 alitoa mkusanyo wa maandishi ya Margaret Fell, aliyefariki 1702, na kwa mkono wake kile kijitabu cha gerezani kikaingia kwenye jalada gumu. Aliendelea na uchapishaji hadi uzeeni, akafa 1749. Dada yake Elizabeth aliolewa na William Bradford, mwanafunzi wa karakana ya baba yao, ambaye ndiye aliyeanzisha uchapaji Pennsylvania mwaka 1685.

Mwaka 1911 Norman Penney, mtunzaji wa maktaba ile ya Marafiki, alichapisha simulizi la Fox kama lilivyo katika mswada, pamoja na yaliyokatwa. Kitabu kingine cha Fox, cha miujiza ya uponyaji, hakikuwahi kupigwa chapa na mswada wake umepotea. Ilibaki faharasa tu, yenye maneno ya mwanzo na ya mwisho ya kila kisa. Mwanahistoria Henry Cadbury aliichukua faharasa hiyo, akalinganisha na barua na majarida yaliyotunzwa tangu enzi za kamati ya Jumatatu, na mwaka 1948 akatoa kitabu chenye kile kilichoweza kuokolewa.