Mgeni njoo, mwenyeji apone: Harmonika na wageni wake katika bluzi ya umeme

Tarehe 12 Mei 1952, Muddy Waters alikuwa studioni mjini Chicago na bendi yake, akirekodi kwa ajili ya ndugu wawili wahamiaji kutoka Poland, Leonard na Phil Chess. Muddy ndiye aliyekuwa mwimbaji na kiongozi. Wengine walikuja kumsaidia. Hata hivyo, siku hiyo ulirekodiwa pia wimbo usio na maneno, ulioongozwa na mpiga harmonika wa bendi, kijana wa miaka 22 aitwaye Little Walter, huku Muddy mwenyewe akimsindikiza kwa gitaa. Santuri ilipotoka kwa jina la "Juke", ilishika namba moja katika chati ya R&B ya Billboard na kukaa hapo wiki nane. Aliyeingia studioni akiwa msaidizi alitoka akiwa nyota.

Historia ya albamu za bluzi ya umeme zenye harmonika na wanamuziki waalikwa ina mizizi yake katika siku kama hizo, wakati wapenzi wa bluzi bado walinunua wimbo mmoja mmoja. Mpiga harmonika wa Chicago aliishi kwa kualikwa. Kazi yake ilikuwa kumwitikia mwimbaji, kujaza nafasi iliyobaki kati ya mstari na mstari, kisha kunyamaza maneno yanaporudi. Mara nyingi jina lililoandikwa kwenye santuri halikuwa lake. Ukizisikiliza albamu za wageni kwa mfuatano, kuanzia miaka ya 1960 hadi karne hii, unagundua kwamba adabu hiyo ya kuitikia ndiyo iliyoamua ipi idumu na ipi isahaulike. Ukubwa wa majina ya wageni haukuamua neno.

Chombo cha mfukoni

Harmonika ya bluzi ni kinanda cha mdomo kinachoenea kiganjani, chenye matundu 10 na ndimi 20 za shaba. Aina iliyopendwa kuliko zote, Marine Band, ilianza kuuzwa na kampuni ya Hohner ya Trossingen, Ujerumani, mwaka 1896. Ilitengenezwa kwa ajili ya nyimbo za kienyeji za Ulaya, ambazo zinataka mtu apulize zaidi. Watu weusi wa kusini mwa Marekani waliigeuza. Walitegemea zaidi kuvuta pumzi, kwa kuwa noti za kuvuta kwenye matundu ya chini zinaweza kushushwa kwa ulimi na koo hadi zilie kama mtu anayelalamika. Ndiyo sababu wimbo ukiwa katika ufunguo wa E, mpiga bluzi huchukua harmonika ya A.

Umeme ulikuja na safari. Maelfu kwa maelfu ya watu weusi waliacha mashamba ya pamba ya Mississippi na majimbo jirani, wakapanda treni kwenda Chicago kutafuta kazi viwandani. Huko walikuta vilabu vya South Side na soko la Maxwell Street, mahali penye kelele ambapo magitaa ya umeme yaliifunika harmonika. Wapigaji wakabuni dawa: walishika maikrofoni ndogo pamoja na harmonika, wakavifunika vyote viwili kwa viganja, na kuipitisha sauti kwenye amplifaya ya valvu iliyosukumwa kupita uwezo wake. Sauti iliyotoka ilikuwa nene na yenye mikwaruzo, mara nyingine ikikaribia saksafoni. Little Walter hakuwa peke yake katika jaribio hilo, lakini ndiye aliyeonyesha kwamba harmonika ya umeme ina lugha yake kamili.

Mwanafunzi wa Sonny Boy

Maisha ya James Cotton yanaipitia historia hii karibu yote. Alizaliwa tarehe 1 Julai 1935 katika shamba la pamba karibu na Tunica, Mississippi. Alimsikia Sonny Boy Williamson, yule ambaye jina lake jingine lilikuwa Rice Miller, katika kipindi cha "King Biscuit Time" kilichoanza kurushwa mwaka 1941 na kituo cha redio cha KFFA, Helena, Arkansas. Akiwa bado mtoto, na yatima, alipelekwa kwa Sonny Boy, akalelewa ndani ya muziki. Mwaka 1954 alirekodi "Cotton Crop Blues" katika kampuni ya Sun ya Memphis, ambayo mwaka huohuo ilimtoa Elvis Presley.

Mwishoni mwa mwaka huo Muddy Waters alimchukua. Kiti alichopewa kilikuwa kimekaliwa na Little Walter, kisha na Junior Wells, na Muddy alitaka asikie jukwaani kile kilichokuwa kwenye santuri. Cotton alimwambia wazi kwamba yeye hawezi kuwa Little Walter, apewe nafasi ya kuwa Cotton. Nafasi hiyo ilichukua muda, maana kwa miaka kadhaa Walter aliendelea kuitwa studioni Muddy aliporekodi. Kufikia tamasha la Newport la Julai 1960, lililorekodiwa na kutolewa kama albamu, harmonika ya Cotton ilikuwa imeshakuwa injini ya bendi. Mwaka 1966 aliondoka akaunda bendi yake.

Baba na wana

Wakati Cotton akijiandaa kuondoka, bluzi ya Chicago ilikuwa inaanza kuingia katika zama za albamu. Septemba 1965 Bob Koester wa kampuni ya Delmark alimwingiza Junior Wells studioni na kumwacha apige kama alivyopiga kilabuni, bila kuzikata nyimbo ili zitoshe kwenye jukeboksi. Gitaa lilipigwa na Buddy Guy. Kwa kuwa ilidhaniwa kwamba mkataba wake na kampuni ya ndugu Chess ungemzuia, matoleo ya kwanza yalimwita "Friendly Chap". Amplifaya yake ilipoharibika, gitaa lilipitishwa kwenye spika ya Leslie ya kinanda, na baadhi ya nyimbo zikapata sauti inayozunguka kama iliyo majini. Katika albamu hiyo, "Hoodoo Man Blues", gitaa na harmonika havigombanii nafasi. Guy anapiga kidogo sana, na uchache huo unampa Wells uwanja wa kunong'ona, kubweka na kupuliza.

Chess nao walijaribu njia ya kukusanya majina. Mwaka 1967 waliwaweka pamoja Muddy, mwimbaji na mpiga gitaa Bo Diddley, na Little Walter katika "Super Blues". Wakubwa wanataniana na kuingiliana kwa furaha, lakini harmonika ya Walter, aliyekuwa amedhoofika, inapotea katikati ya vurugu. Alifariki Februari 1968 akiwa na miaka 37. Mwaka huohuo Muddy alitoa "Electric Mud", albamu iliyomzungushia magitaa ya mtindo wa saikedeliki. Wapigaji walikuwa mafundi, na ilianza kwa kuuzwa vizuri, lakini Muddy mwenyewe baadaye hakuificha chuki yake kwa kazi hiyo. Muziki ule ulikwenda njia yake na mzee akaachwa akiimba kandokando yake.

Jibu lilipatikana Aprili 1969. Mpiga gitaa Mike Bloomfield na mpiga harmonika Paul Butterfield walikuwa vijana wa kizungu wa Chicago waliokwenda kujifunza katika vilabu vya watu weusi, wakiwaketia wazee miguuni. Kwa ajili ya "Fathers and Sons" waliingia studioni na Muddy na mpiga piano wake Otis Spann, Donald "Duck" Dunn akapiga besi na Sam Lay akapiga ngoma. Nusu ya albamu ni ya studio, nusu ni ya tamasha. Butterfield alikuwa tayari kiongozi wa bendi mashuhuri, lakini hapa anasubiri Muddy amalize mstari ndipo ajibu. Albamu ilifika nafasi ya 70 katika chati kuu ya albamu ya Billboard, mahali ambapo bluzi ya Chicago haikuzoea kufika.

Mwaka uliofuata, Mei 1970, mwimbaji wa bluzi Howlin' Wolf alipelekwa London, akikaribia miaka 60 na moyo wake ukiwa mgonjwa. Walimsubiri wanamuziki wa rock wa Uingereza: Eric Clapton, Steve Winwood, pamoja na Bill Wyman na Charlie Watts wa bendi ya Rolling Stones. Clapton alisisitiza kwamba Hubert Sumlin, mpiga gitaa wa Wolf wa miaka mingi, naye aje. Harmonika ilipigwa na kijana kutoka Chicago, Jeffrey Carp, na Wolf mwenyewe, aliyewahi kufundishwa na Sonny Boy yuleyule aliyemlea Cotton. Kabla ya "Little Red Rooster" kuanza, tunamsikia Clapton akimwomba mzee awaonyeshe kwa gitaa jinsi wimbo unavyokwenda, na mzee anawaelekeza mapigo. Rolling Stones walikuwa wameufikisha wimbo huohuo namba moja Uingereza mwaka 1964. Kwamba mafunzo hayo yaliachwa ndani ya albamu ni heshima kwa Wolf, na pia ni somo la namna ya kuwa mgeni.

Kulikuwa na upande wenye machungu. Majina ya wageni yalileta wanunuzi wapya, wengi wao vijana wa kizungu, ilhali waliotunga muziki huo walikuwa wamelipwa kidogo kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1970 Howlin' Wolf, Muddy Waters na mtunzi wa nyimbo Willie Dixon walifikia hatua ya kuishtaki Arc Music, kampuni ya haki za nyimbo iliyohusiana na Chess, wakidai jasho lao. Heshima ya studioni haikutosha kulipa kodi ya nyumba.

Siku tatu za Connecticut

Albamu inayojibu swali la namna ya kuwa mgeni vizuri kuliko zote, kwa sikio langu, ilirekodiwa Oktoba 1976 huko Westport, Connecticut, kwa siku tatu. Muddy alikuwa ameachana na Chess. Mpiga gitaa kutoka Texas, Johnny Winter, alijitolea kuisimamia kazi yake mpya, "Hard Again", iliyotoka Januari 1977. Winter alielewa kwamba mzee hahitaji kuvalishwa mavazi ya vijana. Aliwachukua watu wa bendi ya Muddy, akiwemo mpiga piano Pinetop Perkins, mpiga gitaa Bob Margolin na mpiga ngoma Willie Smith, kisha akamrudisha James Cotton, miaka kumi baada ya kuondoka.

Wimbo wa kwanza ni "Mannish Boy", ambao Muddy aliurekodi mara ya kwanza mwaka 1955. Hapo ndipo ujuzi wa Cotton unapoonekana. Muddy anatupa mstari, bendi inagonga mpigo uleule mmoja, na harmonika inaingia katika upenyo mwembamba uliobaki, kila mara kwa nguvu tofauti, haimkanyagi mwimbaji hata mara moja. Nyuma yao Winter, msimamizi mzima, anapiga makelele ya furaha, na hakuyafuta. Albamu ilipata tuzo ya Grammy na kumpa Muddy miaka yake ya mwisho yenye nguvu, hadi alipofariki Aprili 1983. Wageni walikuja, mwenyeji akapona.

Harmonika yageuka mwenyeji

Mwaka 1990 kampuni ya Alligator ya Chicago ilifanya jaribio gumu: harmonika nne katika albamu moja. "Harp Attack!" iliwakutanisha Cotton, Junior Wells na Carey Bell, wote waliozaliwa katikati ya miaka ya 1930, pamoja na Billy Branch, aliyezaliwa mwaka 1951. Vyombo vinne vya sauti moja vingeweza kuzalisha fujo tupu. Kilichoiokoa ni kwamba wote wanne walikulia katika shule ya kuitikia. Anayeimba ndiye anayeongoza wimbo wake, wengine wanamzunguka na kupokezana, na hata mtu asiye mzoefu anaweza kutofautisha mkono wa Wells ulio makini na mwepesi na ule wa Cotton unaovuta pumzi kama anayetaka kuzimeza ndimi zenyewe.

Miaka michache baadaye saratani ya koo iliichukua sauti ya Cotton ya kuimba. Harmonika ilibaki. Albamu yake ya mwaka 2013, "Cotton Mouth Man", ikaupindua mpango wote wa zamani. Sasa mpiga harmonika ndiye mwenyeji, na waimbaji na wapiga gitaa ndio wageni: Gregg Allman, Ruthie Foster, Delbert McClinton, Warren Haynes, Keb' Mo', Joe Bonamassa. Wanaimba juu ya maisha yake kwa niaba yake, naye, akiwa na miaka 77, anawajibu mstari kwa mstari kama alivyokuwa akimjibu Muddy. Katika wimbo wa mwisho, "Bonnie Blue", anaimba mwenyewe kwa sauti iliyokwaruzika kuhusu shamba alikozaliwa. Alifariki Austin, Texas, tarehe 16 Machi 2017.

Rolling Stones walikuwa wametoa "Blue & Lonesome" miezi michache kabla ya hapo, mwaka 2016. Ilirekodiwa London kwa siku tatu, Mick Jagger akipiga harmonika katika nyimbo kadhaa zilizowahi kurekodiwa na Little Walter, ukiwemo uliotoa jina la albamu. Clapton, aliyekuwa akifanya kazi yake katika jengo hilohilo, aliingia, akapiga gitaa katika nyimbo mbili, akarudi kwenye shughuli zake. Zaidi ya miaka 45 baada ya siku zake na Howlin' Wolf, alikuwa bado mgeni anayejua aje lini na aondoke lini.

Mtu anayetaka kuiingia historia hii aanze na "Hoodoo Man Blues", aende "Fathers and Sons", kisha "Hard Again", na amalizie na "Cotton Mouth Man". Asihesabu majina kwenye jalada. Asikilize kinachotokea mwimbaji anapofunga mdomo: nani anaingia, anakaa kwa muda gani, na anampisha vipi mwenzake. Wapiga harmonika wa Chicago walijifunza hayo kwa kuwa wasaidizi wa watu wengine, miaka nenda miaka rudi, bila majina yao kuandikwa. Ustadi huo ndio uliozifanya albamu hizi zizidi umri wa mitindo iliyozizunguka, na ndio unaostahili kuwekwa mbele kila historia ya bluzi ya umeme inapoandikwa.