Mkono, Mtambo na Msomaji wa Mbali: Historia ya Uchoraji wa Hadithi za Katuni Unaojitegemea Tanzania, kwa Kurejelea Mkoa wa Singida

Tafiti kuhusu katuni za Tanzania zimeegemea zaidi kile kinachosemwa na michoro: kejeli ya kisiasa, ucheshi wa mitaani, Kiswahili cha vijana, taswira ya maisha ya mjini. Kazi yenyewe ya kuchora, yaani hatua zinazoanzia kwenye wazo hadi hadithi kumfikia msomaji, imetajwa kwa kupita tu. Insha hii inaishughulikia kazi hiyo kihistoria na kujenga hoja moja: kujitegemea kwa mchoraji wa hadithi za katuni kumeamuliwa na mmiliki wa njia ya kumfikia msomaji, na njia hiyo imepenya hadi ndani ya mchoro, ikaamua unene wa mstari, idadi ya visanduku na mahali hadithi inapokatwa. Mkoa wa Singida, ulio kilomita zipatazo 700 kutoka Dar es Salaam, unatumika hapa kama kipimo cha hoja hiyo, kwa sababu magazeti na majarida ya kitaifa yamekuwa yakiufikia mkoa huo yakiwa yamekwisha kuandikwa, kuchorwa na kuchapwa kwingine.

Kuna kishawishi cha kuianza historia ya namna hii kwenye michoro ya miambani ya Singida, ambayo Ludwig Kohl-Larsen aliichunguza katika eneo la Iramba na Isanzu miaka ya 1930, na ambayo Fidelis Masao aliijumuisha katika utafiti wake wa miaka ya 1970 kuhusu michoro ya Tanzania ya kati. Kishawishi hicho hakina budi kukataliwa. Hakuna mnyororo wa ufundi unaoonekana kati ya wachoraji wale wa kale na wachora katuni wa karne ya 20, na kuwaita wale babu wa hawa ni kuipamba historia. Hata hivyo ulinganisho mmoja una faida. Michoro ya miambani haikuhitaji kusafirishwa; mtazamaji ndiye aliyeifuata. Katuni ya gazetini inamfuata msomaji alipo, na gharama ya safari hiyo mara nyingi imelipwa na mtu mwingine asiye mchoraji.

Katika miaka ya mwanzo ya uhuru, aliyelipa alikuwa chama. Chakubanga, mhusika wa Christian Gregory aliyejulikana tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, alitoka katika Uhuru, gazeti la TANU. Umaarufu wake ulivuka mipaka ya wasomaji wa gazeti hilo hata jina lake likawa karibu sawa na neno "katuni" kwa watu wengi wa kizazi kile. Mchoraji alikuwa na nafasi ya kukejeli uzembe, ulevi na urasimu, lakini nafasi hiyo ilikuwa ya kupewa: ukubwa wake kwenye ukurasa, siku ya kutoka na mipaka ya mada vilikuwa mikononi mwa chumba cha habari.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja na SANI, jarida lililoanzishwa katika miaka ya 1970 na Saidi Bawji na Nico ya Mbajo, na ambalo jina lake limeundwa kwa silabi za mwanzo za majina ya waasisi hao wawili. Humo hadithi ya katuni iliacha kuwa pambo la pembeni mwa habari, ikawa ndiyo sababu ya mtu kutoa fedha yake. Humo pia Philip Ndunguru aliwajenga wahusika waliodumu katika kumbukumbu za wasomaji, wakiwemo Lodi Lofa na Ndumilakuwili. Majina hayo yanaonyesha namna wazo lilivyoanza kufanya kazi kabla ya penseli kugusa karatasi. Ndumilakuwili ni nyoka anayesemwa kuwa anauma kwa ncha zote mbili, na kwa Waswahili ni mtu wa nyuso mbili. Lodi Lofa ni bwana mkubwa asiye na kazi, utani uliokamilika katika maneno mawili. Msomaji aliyekutana na jina alikwisha kupewa nusu ya hadithi. Mchoraji akaokoa visanduku viwili au vitatu ambavyo vingetumika kumtambulisha mhusika, na katika jarida ambalo kila ukurasa ulikuwa gharama, akiba hiyo haikuwa ndogo.

Hatua zilizofuata ziliamuliwa na mtambo. Kwa kawaida mchoraji wa kuchapwa huchora kwa ukubwa unaozidi ule utakaochapwa, ili picha inapopunguzwa kasoro ndogo za mkono zipotee. Huanza kwa penseli, akipanga visanduku na kuacha mapema nafasi ya maneno, kwa maana puto la maneno lililosahauliwa hulazimika kufunika uso wa mhusika au kubanwa pembeni hadi lisisomeke. Kisha hupita juu ya penseli kwa wino mweusi na kufuta kwa raba. Uchapaji wa rangi moja haukuwa na huruma kwa kijivu: kivuli kilipaswa kufanywa kwa mistari inayokatana au kwa weusi mtupu. Ndiyo maana katuni nyingi za kipindi hicho zina mistari mizito na mandhari machache. Wahakiki waliouona uchache huo kama udhaifu wa ufundi waliupima kwa vigezo vya karatasi bora ambayo mchoraji hakuwa nayo. Tanzania ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikabiliwa na uhaba wa fedha za kigeni, na karatasi ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizoagizwa kwa fedha hizo.

Kwa msomaji aliye mbali na mtambo, umbali nao ulikuwa na sauti katika ujenzi wa hadithi. Hadithi inayoishia kwa "itaendelea" inategemea toleo lijalo kupatikana. Jarida lililosafiri kwa basi hadi Singida mjini, au kwa treni ya reli ya kati hadi Manyoni, halikuwa na hakika ya kufika kila mara. Kisa kinachojitosheleza katika ukurasa mmoja, chenye mhusika anayerudi na tabia ile ile, kinastahimili toleo kupotea njiani. Riwaya ndefu ya picha haistahimili. Upendeleo wa katuni za Kiswahili kwa wahusika wa kudumu wenye visa vifupi una sababu nyingi, na hii ya usambazaji haijapewa uzito unaostahili.

Ndunguru alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Wahusika wake hawakufa naye; wachoraji wengine, wa kwanza akiwa John Kaduma, waliendelea kuwachora. Hapa ndipo swali la kujitegemea linapokuwa zito kuliko popote. Kwa jarida, kuendelea kwa Lodi Lofa kulikuwa uaminifu kwa wasomaji. Kwa historia ya sanaa, kulionyesha kwamba mkono uliomzaa mhusika ungeweza kubadilishwa ilhali mhusika anabaki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda kazi ya msanii katika maisha yake na kwa miaka 50 baada ya kifo chake, lakini ulinzi wa maandishi humfaa yule anayeweza kuonyesha makubaliano. Mazoea ya mchoraji kupeleka karatasi yake halisi kwa mchapishaji na kulipwa kwa kila mchoro yalimwacha mara nyingi bila mkataba na bila mchoro.

Ulegezaji wa masharti ya vyombo vya habari kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 uliongeza idadi ya majarida, yakiwemo Bongo, Tabasamu na Kingo la James Gayo. Kingo linastahili kutajwa peke yake kwa kuwa mchoraji alilijenga jarida juu ya mhusika wake mwenyewe.

Jaribio lililomkaribia zaidi msomaji wa mikoani halikuhitaji jarida kabisa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 mchoraji wa Kifini Leif Packalén alishirikiana na wachora katuni wa Tanzania kuendeleza katuni za ukutani: hadithi ya visanduku vinne, iliyochorwa kwenye karatasi mbili za A4 zinazounganishwa, kutolewa nakala kwa mashine ya fotokopi na kubandikwa shuleni, zahanati au sokoni. Anayeichora si lazima awe msanii wa taaluma. Kisanduku cha kwanza huanzisha, cha pili na cha tatu huendeleza mgogoro, cha nne hufunga. Mistari huwa minene ili isomwe na mtu aliyesimama hatua mbili au tatu kutoka ukutani. Mwanakijiji wa Iramba aliye na kalamu na mashine ya fotokopi mjini alikuwa, kwa njia hii, na mtambo wake. Upungufu upo pia: kwa kuwa mbinu hii ilienea kupitia semina za asasi, mada nazo zilielekea kuwa za asasi, na mafunzo ya afya yaliusukuma utani pembeni.

Simu imeondoa karatasi. Mchoraji wa leo anaweza kuchora kwa wino na kupiga picha, au kuchora moja kwa moja kwenye skrini, na hadithi ikaonekana Singida na Dar es Salaam kwa dakika ile ile. Kisanduku kimekuwa kimoja kwa kila mguso wa kidole, herufi zimelazimika kukua, rangi imekuwa haina gharama ya ziada, na "itaendelea" imerudi kwa nguvu kwa kuwa toleo halipotei njiani. Mmiliki wa njia, hata hivyo, amebadilika tu. Sheria ya Magazeti ya 1976 ilidai gazeti lisajiliwe. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye blogu kupata leseni ambayo maombi, ada ya mwanzo na ada ya mwaka vilifikia shilingi milioni 2.1, kabla ya ada kupunguzwa mwaka 2021. Kiasi hicho kinaweza kubebwa na kampuni. Kwa mtu mmoja anayechora usiku baada ya kazi nyingine, kilikuwa sawa na kufungiwa mlango. Septemba 2021 mchora katuni mmoja alikamatwa Dar es Salaam baada ya kuweka mtandaoni mchoro uliomhusu Rais. Jarida lina mhariri anayeitwa kwanza kujieleza. Mchoraji wa mtandaoni huitwa mwenyewe.

Tofauti ya mwisho inawahusu watafiti moja kwa moja. Kwa sheria, machapisho ya nchini hupaswa kuwekwa nakala katika Maktaba ya Taifa, na kwa njia hiyo toleo la jarida lililochapwa miaka 40 iliyopita lina mahali pa kutafutwa hata kama mchoro wa awali ulitupwa. Hadithi iliyotoka simuni pekee haina wajibu huo. Akaunti ikifungwa au simu ikiibwa, vinatoweka kwa pamoja hadithi na michoro ya awali, na mtu atakayeandika historia ya wachoraji wanaofanya kazi sasa katika mkoa kama Singida atalazimika kuanza kwa kuwauliza wasomaji wanakumbuka nini.