Vitshumbi ya utoto wangu, na viboko ambao sikuwaona

Mwaka 2006 nilikuwa na miaka kumi. Papa alikuwa anafanya biashara ya samaki, akanipeleka Vitshumbi, kusini ya Ziwa Edouard. Tulitelemka mlima wa Kanyabayonga tukikaa juu ya magunia, tukapita Rwindi, tukafika jioni. Tulikula tilapia kubwa na bugali, na asubuhi niliona viboko watatu karibu na mitumbwi. Tangu siku ile, mtu akisema "mahali pazuri", mimi nilikuwa nawaza Vitshumbi.

Mwaka 2019 nilirudi, juu ya kazi yangu ya kumaliza lisansi. Nilikaa siku mbili. Kiboko hata mmoja sikumwona. Tilapia niliyopewa ilikuwa sawa na kiganja changu. Nikamuuliza mtoto aliyekuwa anasaidia baba yake kutengeneza nyavu: "Viboko wamekwisha?" Akashangaa: "Hapana, yaya! Viboko ni mingi. Juma iliyopita niliona mbili."

Nilirudi nyumbani na uchungu, nikamwambia Papa kwamba Vitshumbi yetu imekufa. Akacheka kidogo. "Weye haukuona kitu. Ile siku nilikupeleka, mimi nililia ndani ya roho. Nilipokuwa na miaka kumi, kiboko zilikuwa zinajaa mpaka wavuvi wanatafuta pa kupitisha mtumbwi."

Nilifikiri ni maneno ya wazee tu. Halafu nikatafuta hesabu. Mbuga ile iliundwa mwaka 1925 kwa jina la Albert, ikaitwa Virunga mwaka 1969. Katikati ya miaka ya 1970, ndipo Papa alikuwa mtoto, viboko wake walihesabiwa karibu 29.000. Vita vya miaka ya 1990 vilileta silaha nyingi, na watu wenye silaha wakawaua juu ya nyama na meno. Mwaka 2005 hawakufika tena 1.000.

Munaona? Wakati ninaoulilia mimi, ndio wakati hali ilikuwa mbaya sana. Baada ya pale hesabu zilianza kupanda pole pole. Kama ningefuata roho yangu tu, ningewaandikia hapa kwamba viboko walikwisha kati ya 2006 na 2019. Ingekuwa uongo, hata kama macho yangu yaliona kweli.

Kwa sisi wa kilimo, jambo hili si la utalii tu. Kiboko anakula majani usiku, karibu kilo 40, halafu mchana anaacha mavi ndani ya maji. Ile ni mbolea: inalisha vimea vidogo vya majini, na tilapia anakula vile vimea. Ongeza nyavu za matundu madogo na uvuvi pale samaki wanapozalia, utaelewa sahani yangu ya 2019.

Mwaka 1995 mtaalamu wa samaki Daniel Pauly aliandika kwamba kila kizazi cha watafiti kinachukua hali kilichoikuta mwanzoni kuwa ndiyo kipimo. Kusoma vile kuliniumiza, juu nilikumbuka daftari langu. Niliuliza wavuvi wote: "Mavuno yako namna gani kuliko zamani?" Sikuuliza zamani ya mwaka gani. Mzee alijibu akiwaza 1975, kijana akiwaza 2010, na mimi niliwaweka wote ndani ya jedwali moja. Nilipewa alama nzuri. Hakuna aliyeniuliza.

Basi ninyi munaoenda kufanya uchunguzi mwaka huu, musifanye kama mimi. Mtu akisema mto ulikuwa mkubwa, shamba lilikuwa linazaa, uliza ni mwaka gani, na yeye alikuwa na miaka ngapi. Andika pembeni ya jibu.

Na mtoto yule wa Vitshumbi, aliyeona wawili akasema ni wengi, mwanzo wake uko pale. Tusipomwachia hesabu zilizoandikwa, atajuaje kwamba kulikuwa 29.000?