Loki Ilikufa, SDL Ikabaki: Michezo ya Kompyuta Kwenye Linux

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa kwa sababu ya kazi, na kilichonirudisha hapa ni Steam Deck ambayo kijana mmoja tunayefanya kazi naye aliletewa na shangazi yake kutoka Marekani. Tulipanga foleni kuishika. Mmoja wetu akauliza, "Hii ina Windows gani?" Mwenyewe akajibu haina Windows yoyote, ni Linux. Watu wakacheka! Na hawa si watu wa mtaani tu, ni watengenezaji programu ambao seva zao zote ni Linux. Vichwani mwao Linux ni ya kazi na Windows ni ya starehe, basi.

Sikucheka, kwa sababu ninaamini kile kifaa kina deni kubwa kwa kampuni iliyofilisika zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na wengi wanaokitumia hawajawahi kusikia jina lake. Basi leo tuzungumze historia.

Kwanza niseme kwamba michezo kwenye Linux haikuanza jana. Doom ya id Software ilitoka Desemba 1993, na mwaka uliofuata mmoja wa watengenezaji wake, Dave Taylor, akaihamishia Linux, zaidi kwa mapenzi kuliko kwa biashara. Desemba 1997 id walipoamua kuuweka hadharani msimbo wa Doom, walichotoa ulikuwa msimbo wa toleo la Linux. Toleo la DOS lilitegemea maktaba ya sauti iliyoandikwa na watu wengine, ambayo hawakuwa na haki ya kuigawa. Kwa hiyo ukiona mtu anajigamba kuwa amechezesha Doom kwenye printa au kwenye saa ya mkononi, ujue nasaba ya Doom hiyo inapitia Linux.

Sasa tuje kwa Loki. Loki Software ilianzishwa Novemba 1998 huko California na Scott Draeker, ambaye zamani alikuwa mwanasheria. Biashara yake ilikuwa rahisi kueleza: unamwendea mwenye mchezo wa Windows, unalipia leseni, unachukua msimbo, unauhamishia Linux, kisha unauza mwenyewe. Mchezo wao wa kwanza, Civilization: Call to Power, ulitoka 1999. Wakafuata Railroad Tycoon II, Heroes of Might and Magic III, SimCity 3000, na Quake III Arena iliyouzwa ndani ya boksi la bati. Kwa mtumiaji wa Linux wa wakati huo, aliyezoea kucheza karata na kuhesabu mabomu ya Minesweeper, hii ilikuwa kama kuletewa umeme kijijini.

Lakini hesabu haikukubali. Toleo la Windows lilitangulia kutoka, wakati mwingine kwa miezi mingi. Kufikia siku Loki wanamaliza kuhamisha, lile la Windows limeshashuka bei madukani. Na mteja wa Loki alikuwa mtu wa namna gani? Alikuwa mtu ambaye kwa kawaida diski yake imegawanywa mara mbili, huku Linux na huku Windows. Kama ana hamu ya mchezo, hangojei. Anazima mashine, anawasha upande wa pili, anacheza leo. Agosti 2001 Loki wakaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wao, na Januari 2002 wakafunga milango.

Wengi hufunga hadithi hapo na kusema, "Unaona, watu wa Linux hawanunui michezo." Mimi naona hapo ndipo inapoanzia.

Loki walikuwa na kijana aitwaye Sam Lantinga, aliyeongoza kazi ya programu. Mapema 1998, kabla hajaajiriwa na Loki, alikuwa ameanza kuandika maktaba iitwayo SDL. Kwa wale wasioandika programu, maktaba ni rundo la msimbo uliokwisha andikwa ambao programu nyingine inaweza kuutumia badala ya kuanza mwanzo. SDL inashughulikia mambo yale ambayo kila mchezo unayahitaji na ambayo kila mfumo unayafanya kwa njia yake: kufungua dirisha, kusoma kibodi, kusikiliza vitufe vya kidhibiti, kutoa sauti. Unaandika msimbo mmoja, nao unafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Wewe unaiambia SDL "cheza sauti hii", na SDL ndiyo inayohangaika kujua mashine hii inatoa sauti vipi. Aliyewahi kupigana na sauti kwenye Linux ya miaka ile anajua hilo si jambo dogo!

Loki waliitumia SDL kuhamisha michezo yao, na kila tatizo walilokutana nalo likawa sababu ya kuiboresha. La maana kuliko yote ni kwamba SDL ilikuwa programu huria. Kampuni ilipofilisika, leseni za michezo zilikuwa mali ya wenyewe na boksi za bati zilikuwa bidhaa tu, lakini SDL hakuna mdai aliyeweza kuja kuibeba. Lantinga alikuwa ameshahamia Blizzard mwaka 2001, akaendelea kuitunza. Mwenzake wa Loki, Ryan C. Gordon, akaendelea kuhamisha michezo kwenda Linux peke yake kama fundi wa kujitegemea, akawa mmoja wa watunzaji wa SDL pia.

Sisi huku tuliitumia bila kujua. Hadi 2011 kampuni ya Canonical ilikuwa ikituma diski za Ubuntu bure kwa posta, hata Kenya. Nakumbuka furaha ya kufungua sanduku la posta na kukuta bahasha ile. Michezo tuliipakua saiba na kuibeba kwa flashi diski: Frozen Bubble, SuperTux, na Battle for Wesnoth ambayo ilinila usiku mwingi wa chuo. Tarakilishi yangu ilikuwa ya mtumba na kadi yake ya michoro ilikuwa ya kusikitisha, lakini michezo hiyo ilikwenda vizuri tu. Yote mitatu imejengwa juu ya SDL.

Tuje kwenye vifaa vya mkononi, kwa sababu watu wanadhani Steam Deck ndiyo ya kwanza kubeba Linux mfukoni. Hapana. Novemba 2005 kampuni ya Korea Kusini iitwayo GamePark Holdings ilitoa kifaa kinachoitwa GP2X. Kilikuwa na skrini ya inchi 3.5, vichakataji viwili vya ARM vya megahezi 200 kila kimoja, kumbukumbu ya megabaiti 64, na ndani yake Linux. Kilitumia betri mbili za AA, zile za kawaida za dukani, na kilikuwa na ulafi nazo: ukiweka za bei rahisi, mchezo unazimika hujafika popote. Lakini angalia tofauti. Wakati huo huo Sony walikuwa wakitoa sasisho baada ya sasisho ili kuwazuia watu wasiendeshe programu zao wenyewe kwenye PSP. GP2X hukuhitaji kuvunja kitu. Uliandika programu kwa SDL, ukaiweka kwenye kadi ya SD, ukaicheza. Hakukuwa na ada wala ruhusa ya kuomba. Ndiyo maana kifaa ambacho hakikuwa na michezo mikubwa ya kibiashara kilijaa Doom, Quake, ScummVM na viigaji vya mashine za zamani, vyote vikiletwa na watumiaji.

Baadhi ya watumiaji hao wakaamua kutengeneza kifaa chao wenyewe, Pandora, chenye kibodi kamili. Oda zilianza kupokelewa Septemba 2008, vifaa vya kwanza vikatoka Mei 2010. Waliolipa mapema walijifunza subira.

Wakati huo kulikuwa na njia nyingine ikichimbwa pole pole. Mwaka 1993 watu walianza Wine, na tangu 1994 kiongozi wake ni Alexandre Julliard. Wine hairudii kuandika mchezo. Ifikirie kama mkalimani wa mahakamani. Mchezo unasema kwa lugha ya Windows, "Nifungulie faili hili," Wine inamwambia Linux, na jibu linarudi kwa lugha ya Windows. Mchezo haujui kama uko ugenini. Kwa miaka mingi mkalimani huyu alikuwa na kigugumizi, hasa upande wa michoro.

Aliyebadilisha mambo ni Gabe Newell wa Valve, aliyefanya kazi Microsoft miaka 13. Mwaka 2012 alisema hadharani kwamba Windows 8 ni balaa kwa kila mtu katika biashara ya kompyuta. Hofu yake inaeleweka: Windows 8 ilikuja na duka lake la programu, na Valve wanaishi kwa duka lao, Steam. Mwaka huo huo wakamwajiri Sam Lantinga, na Februari 2013 Steam ya Linux ikatoka rasmi. Novemba 2015 zikaja Steam Machines, mashine za sebuleni za makampuni mbalimbali, na zikaanguka vibaya. Sababu ilikuwa ile ile iliyoiua Loki: kila mchezo ulihitaji mtu wa kuuhamisha, na wenye michezo hawakuona faida.

Basi wakageukia mkalimani. Vulkan, njia mpya ya kuzungumza na kadi ya michoro, ilitoka Februari 2016. Philip Rebohle, aliyetaka tu kucheza Nier: Automata kwenye Linux yake, akaandika DXVK, inayotafsiri amri za Direct3D kuwa za Vulkan, na Valve wakaanza kumlipa. Agosti 2018 wakaunganisha Wine, DXVK na vingine kuwa Proton, wakishirikiana na CodeWeavers. Februari 2022 ikaja Steam Deck, kuanzia dola 399, skrini ya inchi 7, kumbukumbu ya gigabaiti 16, na SteamOS iliyojengwa juu ya Arch Linux. Siku ya kwanza tayari ilikuwa na maelfu ya michezo ambayo hakuna aliyeihamisha.

Wapo wanaonung'unika kwamba huu si ushindi, kwamba Linux imekubali kuzungumza Kiwindows. Wana hoja. Kuna michezo iliyotengenezwa kwa Linux miaka ya 2013 ambayo leo inasumbua kufunguka, huku toleo lake la Windows likienda vizuri chini ya Proton. Mimi kama mtengenezaji programu nachukua kile kinachofanya kazi. Na mlango wa chini bado ni ule ule: Steam yenyewe inasikiliza vidhibiti kwa kutumia SDL, ambayo Januari 2025 ilitoa toleo lake la tatu thabiti, Lantinga na Gordon wakiwa bado ndani ya kazi hiyo.

Lakini mkalimani ana mahali ambapo haruhusiwi kuingia, na kwa bahati mbaya ndipo Wakenya wengi wanapotaka kwenda. Nenda chumba chochote cha PlayStation mtaani, mchezo ni mpira. FIFA 23, iliyotoka Septemba 2022, ilikuja na programu ya EA ya kuzuia udanganyifu, inayojichimbia ndani kabisa ya kiini cha Windows. Proton haina kiini cha Windows cha kuipa, kwa hiyo mchezo haufunguki, na FC 24 na FC 25 zikarithi tatizo hilo. Apex Legends ilikuwa ikichezeka kwenye Deck tangu 2022, kisha tarehe 31 Oktoba 2024 EA wakawafungia watumiaji wote wa Linux, wakisema wadanganyifu wanajificha humo. Hakuna msimbo wa SDL wala Wine unaoweza kutibu uamuzi wa namna hiyo.

Valve walitoa viendeshi vya Windows vya Deck Machi 2022, kwa hiyo wapenda mpira wana njia. Wanaigawa diski mara mbili, huku SteamOS na huku Windows, na wakitaka mechi wanazima na kuwasha upande wa pili, sawasawa na wateja wa Loki mwaka 1999.