Mtoto akihoji jinsia yake, mzazi aanzie wapi?

Mtoto wa kiume anasema anajiona msichana. Au binti anakataa kabisa kuitwa binti. Kwa mzazi wa Mjimwema, Njombe, hofu ya kwanza huwa ni majirani watasema nini, na fimbo haichelewi. Kabla ya kufika huko, kuna mambo matatu ya kujua.

Siyo ugonjwa wa akili. Mwaka 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani (WHO) zilipitisha orodha mpya ya magonjwa, na suala hili likaondolewa kwenye matatizo ya akili. Orodha ilianza kutumika 2022.

Huntha ni suala jingine. Huyu huzaliwa na maumbile yasiyoonyesha wazi jinsia yake, na anahitaji daktari. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 1,524 wenye hali hiyo.

Sheria ipo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mzazi amlinde aliye chini ya miaka 18 dhidi ya ukatili na kutelekezwa. Haisemi "isipokuwa huyu".

Nyumbani, msikilize bila kumkatiza. Muulize kama shuleni anataniwa au kupigwa. Usiitangaze habari yake kwa ndugu kabla hajakubali. Huna haja ya kuwa na majibu yote leo.

Ukizidiwa, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga.